Alama kwenye Mahameli

3 Machi

Kwako Dada,

Habari za huko bwawani? Natumaini pampu zako bado zinakutii na maji hayajakuchukua. Sisi tupo. Baba mzima, ila asubuhi anakohoa kama gari linalokataa kuwaka. Shangazi mgongo unamsumbua, mdomo haujambo. Mama ni vilevile ulivyomwacha: akilishwa anakula, anafumba macho, anafumbua. Neno hatoi.

Mzigo wako dereva wa lori la vifaa kauleta salama. Nimekaa na karatasi yako ya maelekezo siku nzima karakanani, makochi ya watu yakaningoja. Kitufe nimekifunga kwenye mkono wa kiti cha Mama, kile nilichomvalisha mahameli ya kijani, upande wa kushoto ambako mkono bado una uhai kidogo. Waya nimeupitisha chini ya zulia hadi dirishani, kwenye kile kibao cha umeme chenye kengele, ili Mama akitaka kutuita abonyeze. Programu nimeiandika kwenye kompyuta ile kuukuu, herufi moja moja, kidole kimoja, nikaipakia.

Dada, kengele imelia!

Lakini ngoja. Imelia hakuna aliyegusa. Baba alikuwa anapita na kikombe chake cha chai, tii, tii, ikalia. Akaweka kikombe chini akapiga magoti mbele ya kiti, "Nipo hapa mke wangu, sema." Mama macho yamefumbwa. Baba akaondoka, ikanyamaza. Akarudi, ikalia. Nikainama kuangalia waya, nikanyoosha mkono, na nakuapia sijaugusa, bado kiganja kizima katikati, ikalia! Nywele zilinisimama. Nikarudisha mkono, kimya. Nikausogeza tena, tii. Shangazi kasimama mlangoni na beseni, kasema kibao hicho kina jini na yeye hapiti hapo.

Baba yeye hana shaka. Anasema Mama anatuita. Unajua daktari alisema nini, kwamba mwili upo lakini mwenyewe hayupo tena. Na unajua Shangazi ameshaulizia nafasi kwenye ile nyumba ya wagonjwa wa muda mrefu. Simlaumu. Ndiye anayemwogesha na kumgeuza, na yeye si kijana. Amesema mvua zikiisha Mama apelekwe, maana mtu asiyejua yuko wapi, kwake popote ni nyumbani. Baba tangu siku ile hamsemeshi dada yake vizuri.

Kwa hiyo niambie haraka. Je, ni Mama?

Mdogo wako,
Misumari


11 Machi

Kwako Misumari,

Pokea salamu zangu nyingi, uwagawie wote na Shangazi umwongezee. Mimi huku sijambo kabisa, msiwe na wasiwasi nami. Mvua ni kubwa, maji yamepanda, ruhusa ya kuja nyumbani hakuna mpaka yashuke. Mtandao wa hapa ni wa mashine tu, binadamu tunasubiri lori.

Kaa chini kwanza. Si Mama. Naumia kuandika hivyo. Ungekuwa karibu ningekushika bega ndipo niseme.

Ulichokiona ni kosa ambalo kila anayeanza kazi hii hulifanya, nami nililifanya. Pini uliyoiambia isikilize, ule mguu mdogo wa chuma pembeni mwa kibao, haikupewa kitu cha kuegemea. Kitufe kikibonyezwa kinaivuta chini, sawa. Kisipobonyezwa je? Hakuna kinachoishika. Inaelea. Ukiuliza programu "je, ni moja au ni sifuri?" inajibu chochote kinachopita hewani. Na hewani, mdogo wangu, kunapita mengi. Waya wako mrefu unasikia nyaya za umeme ukutani, unasikia redio ya jirani. Waya ndio uliomsikia Baba akipita na kikombe chake. Mwili wa mtu una umeme wake mdogo, na pini ile ikiwa haina pa kushika inausikia kabla mtu hajagusa. Ulipopeleka mkono, ulisikika. Hapo hapana jini. Mimi nafanya kazi hii miaka, na bado nikilifikiria napata ubaridi mgongoni, kwamba kidude cha ukubwa wa ukucha kinajua kwamba upo.

Sasa tuiponye. Wewe ni fundi wa makochi, nikueleze kwa kochi. Pini inataka springi. Mtu asipokaa, springi inainua kiti juu: hiyo ni moja. Mtu akikaa, kiti kinashuka: hiyo ni sifuri. Kochi lisilo na springi haliko juu wala chini, limelegea tu. Bahati nzuri kibao kina springi ndani yake, ila kinangoja uiwashe. Mwanzoni mwa programu, weka mistari hii miwili:

DDRD &= ~(1 << PD2);  // pini isikilize
PORTD |= (1 << PD2);  // washa springi

Kisha ugeuze sharti lako. Kengele ilie pini ikisoma sifuri, maana kukaa ni kushuka.

Mwambie Baba taratibu. Au usimwambie, iache kwanza.

Dadako


19 Machi

Kwako Dada,

Salamu kwa wingi. Huku wazima wote, hata kikohozi cha Baba kimepungua, labda kwa sababu ya kuzungumza sana. Lakini Dada, mwandiko wako safari hii umelala kama nyasi zilizokanyagwa. Unalala vizuri? Unakula?

Hilo la kochi, aisee! Ungenifundisha hesabu hivyo utotoni ningekuwa waziri. Nimelielewa papo hapo. Nimeandika mistari miwili, nimegeuza sharti, nikapakia. Kimya. Nikapita, kimya. Nikapeleka mkono kwenye waya, nikauchezesha, nikaurukia kama paka, kimya. Nikabonyeza kitufe, tii! Nikaachia, ikanyamaza. Nikacheza peke yangu pale sebuleni mpaka Shangazi akauliza nimekula nini.

Furaha yangu haikufika hata mchana. Tangu nilipobonyeza ile mara ya kwanza, jini limerudi. Baba akipita, tii. Nikichomoa umeme nikachomeka upya, inatulia vizuri kabisa. Ila nikishabonyeza mara moja tu, imepagawa tena. Kwa nini itulie mpaka iguswe? Nimetazama mistari yako mpaka macho yametoka machozi. Ipo, haijakosewa hata nukta. Nakuandikia na sehemu iliyobaki, iangalie:

if (!(PIND & (1 << PD2))) PORTD = (1 << PD5);
else if (PORTD == 32) PORTD = 0; // 32 ni PD5 imewashwa

Hiyo PD5 ndiyo kengele.

Na Baba nimeshindwa kumwambia. Kila siku anavuta kigoda, anakaa, anampigia Mama hadithi zake zote. Ile ya mafuriko ndiyo haiishi, ya yeye kubeba cherehani ya Mama kichwani akavuka nayo maji mpaka kiunoni, ndipo Mama akampenda. Unakumbuka Mama alivyokuwa akimkatiza? "Mwongo mkubwa we! Cherehani nilibeba mimi, wewe ulishika mwavuli!" Sasa anavuka yale maji na cherehani yake bila mtu wa kumzuia. Akifika hapo husimama kidogo, anamtazama, kisha anaendelea. Mimi hutoka nje.

Mdogo wako,
Misumari


27 Machi

Kwako Misumari,

Natumaini mko salama nyote. Mimi huku sijambo kabisa, msiwe na wasiwasi nami. Mpishi wa hapa ndiye mwenye wasiwasi, kila siku anauliza mbona sahani inarudi kama ilivyokwenda. Nimemwambia apike kwa chumvi.

Nimeliona jini lako, na nimecheka peke yangu katika chumba cha pampu mpaka mwenzangu akaja kuchungulia. Unapotaka kengele ilie unaandika PORTD = (1 << PD5). Maana yake, "mlango mzima wa D uwe hivi: pini ya tano iwake, nyingine zote zizimike." Zote, Misumari! Na pini ya pili, uliyoiwekea springi kwa mkono wako, imo humo humo. Umepigilia msumari mmoja ukang'oa wenzake wote. Ndiyo maana inatulia mpaka iguswe. Mguso wa kwanza ndio unaoua springi.

Usiamuru mlango mzima. Gusa pini yako tu:

PORTD |= (1 << PD5);  // lia
PORTD &= ~(1 << PD5); // nyamaza

Ukishapakia hivyo, kengele haitalia ila kwa kidole. Ikilia, ujue ni mtu.

Nimeandika sentensi hiyo nikaikazia macho muda mrefu. Ikilia, ni mtu. Nangoja.

Dadako


14 Aprili

Kwako Dada,

Nisamehe kwa kukawia. Lori lilipita mara mbili nami sikuwa na la kuandika. Huku hatujambo kwa mwili.

Jini limetoka. Mistari yako imekaa sawasawa, nimeijaribu kwa kila namna. Nikibonyeza inalia, nisipobonyeza hailii, hata tembo akipita.

Na hailii, Dada. Ndiyo habari yenyewe. Tangu nilipoirekebisha haijalia hata mara moja. Siku ya kwanza Baba alikaa kwenye kigoda anangoja, uso umemchangamka. Siku ya pili akaniuliza kama umeme haufiki. Nikamwonyesha kwa kubonyeza. Akaitazama ile kengele, akamtazama Mama, ndipo akaelewa kwamba kengele zile za mwanzo hazikuwa za Mama. Alikwenda uani akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Hadithi ameacha. Nyumba imekuwa kimya mpaka unasikia mtu akimeza mate. Heri ningeliacha jini lile, walau lilikuwa linamdanganya vizuri.

Shangazi amepata nafasi kule. Mwanzo wa Juni. Sanduku la Mama lipo wazi juu ya kitanda, anapanga nguo kidogo kidogo huku analia, na ukimuuliza anasema ni vitunguu.

Hata kazi yangu imenikataa. Ile mahameli ya kiti cha Mama, niliinunua nikiaminishwa ni nzuri, ina kasoro. Pale kando ya kitufe, manyoya yake yanalala kinyume, alama nyembamba ya urefu wa pingili ya kidole. Naipiga brashi, inakaa vizuri. Kesho yake ipo palepale. Nimefunika makochi mangapi maishani, sijaona mahameli yenye ukaidi huo. Nitaivua moyo ukinirudi.

Nisalimie mpishi wako. Kula, Dada.

Mdogo wako,
Misumari


20 Aprili

Misumari,

Salamu utanisamehe, nitazileta baadaye. Lori linaondoka na nimemwomba dereva azime injini aningoje.

Usiivue hiyo mahameli. Usiiguse! Wewe mwenyewe umesema hujawahi kuona mahameli inayojilaza kinyume. Haipo. Mahameli hulala inakosuguliwa. Basi nani anaisugua?

Baba mkono wake hauwekwi pale. Shangazi anapita mbali na kitufe kwa kuogopa jini. Nani anakaa kwenye kiti hicho kutwa, mkono wake wa kushoto juu ya mahameli, kando ya kitufe?

Kosa ni letu. Tulimwekea kitufe cha kubonyezwa na mtu mzima mwenye nguvu. Chukua kitufe hicho ukibonyeze kwa unyoya wa kuku, uone kama kitakusikia. Labda anaita kutwa nzima na sisi tumemwekea mlango wa chuma.

Sasa sikiliza. Unakumbuka pini yetu ya kwanza, ile mbovu? Ilisikia mkono kabla ya kuguswa. Tuliiita kosa tukaiponya. Tutairudisha, Misumari, ila safari hii kwa adabu. Ndani ya bahasha kuna kijiti kidogo chenye mistari ya rangi, nimekifunga kwa pamba. Hicho ni springi ya nje, dhaifu kupita kiasi. Unganisha ncha moja kwenye pini, nyingine kwenye umeme wa kibao. Ya ndani tunaizima. Kisha kata kipande cha karatasi ya fedha, ile ya kufungia chakula, ukilaze chini ya mahameli, chini ya ile alama kabisa, ukiunge na waya wa pini. Waya uufupishe, kibao kihamie chini ya kiti.

PORTD &= ~(1 << PD2); // zima springi ya ndani
DDRD |= (1 << PD2);   // kandamiza kiti chini
DDRD &= ~(1 << PD2);  // achia
n = 0;
while (!(PIND & (1 << PD2)) && n < 1000) n++;

Unaona? Tunakikandamiza kiti, tunaachia, tunahesabu kinachukua muda gani kupanda. Kochi tupu linapanda upesi. Lakini springi ikiwa dhaifu hivi, hata paka akilalia, kupanda kunachelewa. Kidole chake hakihitaji nguvu. Kiwepo tu. Namba hiyo, n, ikipanda kupita kawaida, kengele ilie. Kawaida yenyewe itafute hapo hapo, tazama namba kwenye kompyuta mkono wake ukiwa umetulia, kisha uweke mpaka juu yake kidogo.

Usimwambie Baba kitu. Moyo wake usivunjike mara ya pili. Mwombe tu aanze tena hadithi.

Dereva anapiga honi.

Dadako


5 Mei

Dada! Dada yangu!

Shikilia kitu. Hujambo? Sisi hatujambo, hatujambo, hatujawahi kuwa wazima namna hii!

Nianze mwanzo, la sivyo nitachanganya. Nilivua mahameli kwa sindano, uzi mmoja mmoja, Mama akiwa amelala chumbani. Nikalaza karatasi ya fedha, nikashona nikarudisha, hata wewe usingeona. Kijiti chako nikakiunga. Namba mwanzo zilikuwa zinarukaruka, kumbe ni waya uligusa mguu wa kiti wa chuma. Nikauhamisha, zikatulia. Tukamkalisha Mama. Namba ikakaa chini, imetulia tuli. Nikapiga magoti nyuma ya kiti kama mtu aliyepoteza sindano, macho kwenye kompyuta. Hakuna kitu. Asubuhi ikapita hivyo. Nikaanza kusema moyoni, basi, daktari kasema kweli.

Baba nilimwomba hadithi, akakataa. Nikamwambia mimi ndiye ninayetaka kuisikia. Akaguna, akavuta kigoda. Shangazi alikuwepo, anakunja shuka. Baba akaanza, sauti imechoka: mvua, daraja limezama, msichana ana cherehani yake anaogopa maji. "Basi mimi," anasema, "nikaitwaa ile cherehani, nikaiweka kichwani..."

Tii.

Namba ilipaa, Dada. Niliiona kwa macho yangu kabla ya kuisikia. Nikainuka nikachungulia. Kidole cha Mama, kile cha shahada, kilikuwa kimetambaa juu ya alama. Kimetambaa peke yake!

Shangazi akasema, "Jini hilo," lakini sauti haikuwa yake. Kidole kikarudi mahali pake, kengele ikanyamaza. Shangazi akaweka shuka chini. Akamwambia Baba, "Rudia." Baba akauliza, "Nirudie wapi?" "Hapo hapo, pa cherehani." Baba akarudia mvua, akarudia daraja, kimya, kimya, "...nikaiweka kichwani..."

Tii!

Basi Shangazi, unamjua, hakuridhika. Akaniambia nisitie mkono kwenye mashine. Akamsogelea Mama, akainama sikioni, akasema, "Wifi, sasa anasema kweli, sikiliza." Akamgeukia Baba: "Sema kweli, mzee, leo usione haya." Na Baba, mara ya kwanza maishani mwake, akasema, "Cherehani alibeba yeye. Mimi nilishika mwavuli. Na mwavuli wenyewe ulinipeperuka."

Kimya. Kimya kitamu ajabu. Kidole hakikutikisika.

Miezi yote hii alikuwa humo ndani, Dada! Alikuwa anamsikiliza mumewe akivuka maji na cherehani yake, kila siku, na kila siku alikuwa anamkatiza, kidole kwenye mahameli, na sisi hatukusikia. Niliipiga brashi sauti ya mama yangu nikaona ni kitambaa kibovu. Nimelia mbele ya watu wote na sijali.

Baba ameweka uso wake kwenye magoti ya Mama akakaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Shangazi alikwenda chumbani. Tukasikia sanduku linafunguliwa, kabati linafunguliwa. Aliporudi akasema, "Huyu haendi popote. Atakayembishia kaka yangu uongo wake ni nani?" Kisha akamwomba Mama msamaha kwa kila alichowahi kusema mbele yake, na orodha ilikuwa ndefu, maana amesema mengi.

Daktari tumemwita. Alikaa akasikiliza hadithi mara tatu, akatoa miwani akaifuta, akasema atakuja na mwenzake.

Ndugu yako mwenye furaha,
Misumari


12 Mei

Kwako Misumari,

Barua yako niliisomea juu ya ukuta wa bwawa, mvua inanyesha, wino ukanikimbia kwenye vidole, na niliisoma tena mpaka haikusomeka. Miaka yote nimezifundisha mashine kusikia maji yakipanda. Sikujua kwamba nilikuwa najifunza kwa ajili ya kidole kimoja.

Sasa nina ombi, na hiki kikaratasi ni chako peke yako. Barua iliyokunjwa pamoja nacho ni ya Mama. Mpe Baba amsomee kwa sauti, kituo kwa kituo. Nimetia uongo mmoja ndani yake, na usimwambie Baba. Ni pale pa sindano. Wewe unajua ukweli, nililia wiki nzima, na mpaka leo siwezi. Nataka kujua kama ananisikia na mimi, kutoka huku mbali.

Dadako

Kwako Mama,

Shikamoo, Mama yangu. Ni mimi, binti yako wa mapampu. Mimi huku sijambo kabisa, msiwe na wasiwasi nami. Chumba changu kina dirisha linaloangalia maji, na asubuhi ndege wengi weupe hutua ukutani. Kazi ni nyingi lakini wenzangu ni watu wema. Nasikia umeanza tena kumsahihisha Baba, na mimi nasema hongera, alikuwa amezidi. Nakumbuka ulivyonifundisha kutunga uzi kwenye sindano, na jinsi nilivyojua siku ileile, mara moja, bila taabu. Ulinisifu mbele ya wageni. Maji yakishuka nitakuja nikae karibu na kiti chako. Baba asikuchoshe.

Mwanao


19 Mei

Kwako Dada,

Tumepokea barua zako, ya kwangu na ya Mama. Tulimkalisha kwenye kiti mchana baada ya chakula. Baba akavaa shati safi kwa ajili ya kusoma, akasafisha koo. Shangazi akakaa sakafuni karibu na mguu wa kiti, hapo alipokuwa hapiti. Mimi nyuma, macho kwenye namba.

Pale pa sindano kengele ililia kwa nguvu, tena ndefu. Baba alishtuka, akakukasirikia kwa kumtumia yeye kudanganya, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamrudia. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo. Anakusikia.

Lakini Dada, hiyo ilikuwa ya pili.

Ya kwanza ililia juu kabisa, Baba hajafika popote. Alisoma shikamoo, kimya. Akasoma "ni mimi, binti yako wa mapampu", kimya. Akasoma "mimi huku sijambo kabisa, msiwe na wasiwasi nami."

Tii.

Tulidhani ni waya. Nikaukagua, upo sawa. Namba ipo sawa. Shangazi akamwambia Baba arudie kuanzia shikamoo. Akarudia polepole. Ikalia palepale, na kidole hakikurudi. Kilibaki juu ya ile alama, kengele inalia, inalia, mpaka Baba alipoweka barua chini akasema, "Tumesikia, mke wangu, tumesikia. Tutamuuliza."

Ndipo nikatoa barua zako zote nikazisoma upya. Mwandiko unaolala. Sahani zinazorudi kwa mpishi. Na mstari ule ule barua baada ya barua, neno kwa neno, nami nimeupita kila mara kama mtu anavyopita kizingiti. Shangazi amesema mficha maradhi kifo humuumbua, kisha akanyamaza, na unajua hanyamazi bure.

Dereva wa lori anangoja nje, nimemwomba azime injini. Una nini, Dada? Tuandikie. Na safari hii sema kweli, maana tutamsomea.

Mdogo wako,
Misumari